Siku ya Kwanza ya Kuamia

Mwanamke aliyekaa misimu thelathini kwenye dungu huwezi kumwita mwoga. Dungu, kama hujawahi kuliona, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mpunga, na chini yake viboko hupita wakikoroma usiku kucha. Kandida alimzaa mtoto wake wa pekee kwenye dungu. Alishawahi kumfukuza nguruwe pori kwa mwiko. Lakini tangu mkwewe alipomletea mjukuu, mama huyu alianza kuogopa vitu ambavyo hata kuvisema ni aibu. Simu ikilia, moyo unamruka. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba yake pale kijijini Mbingu, anaacha anachokifanya na kusikiliza.

Mkwewe huyo alikuwa Nkwabi, Msukuma mfugaji, aliyekuwa amemuoa Tekla, mtoto pekee wa Kandida. Tekla alifariki kwa homa ya siku nne, akaacha binti wa miezi minane. Bibi mzaa baba akamchukua mtoto, wakaenda naye ng'ambo ya mto na ng'ombe wao, na wafugaji ni watu wa kuhama. Miaka mitano Kandida hakumtia machoni.

Kisha Jumapili moja ya mwezi wa tatu, watu ndiyo kwanza wametoka kanisani, Nkwabi akafika. Aliegesha pikipiki mbali na mlango, kwa heshima ya ukwe, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Nyuma yake alikuwa amembeba mtoto, amefungwa kwa shuka asianguke. "Huyu ndiye Minza," alisema. "Mama yangu amefariki Januari. Mimi niko na ng'ombe, siwezi kulea. Dada yangu kule Katavi anamtaka. Nikasema hapana, kabla hajaenda mbali, aonje kwanza kwa kina mama yake. Akikuzoea atakaa hapa, asome hapa. Asipokuzoea, mpunga ukivunwa nakuja kumchukua. Siwezi kumwacha mtoto mahali anapoishi kwa hofu."

Maneno ya haki kabisa. Ila Katavi! Kwa mtu wa kipato chake, Katavi ni mahali pa kusikia redioni. Mtoto akienda huko, ndiyo basi tena, na Tekla atakuwa amekufa mara ya pili.

"Atanizoea," alisema. "Anajua Kiswahili?"

Nkwabi alitazama chini. "Hapana, mama. Kule porini ni Kisukuma tu."

Na Kandida, Mndamba wa kuzaliwa, Kisukuma hakujua hata neno moja.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Minza alikaa kizingitini akitazama barabara. Wali hakugusa. Samaki alimtazama kwa macho ya mtu aliyeletewa nyoka. Kandida akamwambia, "Kula, mjukuu wangu." Kimya. Akarudia kwa sauti. Kimya. Sisi binadamu tuna ujinga mmoja, mtu asipoelewa lugha yetu tunamwongezea kelele, kana kwamba shida ni masikio. Kandida aliongeza na kuongeza, na kila alipoongeza, mtoto alizidi kujikunja mpaka magoti yakagusa kidevu.

Jirani yake Fridolin ndiye aliyemkanya. Fridolin ni mzee mwenye sauti kubwa kuliko kengele ya parokia, na mashamba yao yanapakana kule bondeni tangu ujana wao.

"We Kandida," alisema, "mtoto ana miaka mitano, wewe una hamsini na sita. Nani ana akili hapo? Si ujifunze wewe!"

"Mimi? Niliyechapwa fimbo za Kiingereza darasa la tano mpaka nikaacha shule?"

"Basi mpeleke Katavi."

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake akanunua daftari, akamsubiri mama wa Kisukuma anayepitisha maziwa kwa baiskeli, akamwomba amtajie maneno. Akajaza kurasa mbili. Jioni akamkalisha Minza mbele yake, akafungua daftari, akaanza kusoma kama mwalimu anayeita majina ya watoro. Minza akaangua kilio. Kandida naye, kwa hasira na aibu, akalia. Daftari likaishia kuwashia moto.

Kilichofungua njia ni matope. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, na Minza akachuchumaa chini ya mchirizi wa bati, akafinyanga ng'ombe. Ng'ombe hasa, mwenye nundu na pembe zilizopinda. Kandida alimtazama kwa muda, halafu akasema moyoni, liwalo na liwe, akaketi kwenye tope na gauni lake la kanisani. Akafinyanga wa kwake. Mungu wangu, yule alikuwa ng'ombe gani! Alifanana na kiboko mwenye mimba. Minza alimtazama ng'ombe huyo, akageuka pembeni, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akauchukua ule mzigo wa tope, akang'oa pembe, akaziweka upya, akasema neno. Kandida akalirudia vibaya. Mtoto akacheka zaidi, akalisema tena polepole, akimshika bibi yake kidevu ili amwangalie mdomo.

Hapo ndipo shule ilipoanza. Haikuwa na saa wala kiti. Wakitia viazi chunguni wanahesabu: imo, ibili, idatu. Kandida akiruka namba kwa makusudi, Minza anatoa viazi vyote wanaanza upya, na chakula kinachelewa kuiva. Kisimani maji yakawa minzi. Maziwa yakifika ni wabeja, asante, na yule mama wa baiskeli anacheka mpaka baiskeli inayumba. Asubuhi Minza anapiga goti, "Mwangaluka, mayu," na Kandida anaitika kwa fahari ya mtu aliyepewa cheti. Wakisuka ukili wanataja rangi za ng'ombe. Wakipepeta mchele wanaimba wimbo wa kuwaita ndama, na kuku wa Kandida wanadhani wanaitwa wao. Wiki sita zikapita hivyo. Kisukuma chake kilikuwa cha kubomoka, lakini hata nyumba ya kubomoka hukinga mvua kidogo. Mtoto akala wali. Akala hata samaki, mradi atolewe kichwa.

Unadhani hofu ilipungua? Thubutu. Wakati hana kitu aliogopa kidogo. Sasa alikuwa na mtoto anayelala ameshika sikio lake, basi aliogopa usingizini na akiwa macho. Kila Jumapili Nkwabi alipiga simu.

"Analia, mama?"

"Halii."

"Anakimbia watu?"

"Hakimbii mtu, baba. Anacheka."

"Haya. Tutaona mavuno."

Kila alipokata simu, Kandida alikuwa amelowa jasho.

Mwezi wa tano ulipoingia, mpunga ulikuwa umetoa punje za maziwa, na wenye mashamba wote walihamia bondeni kuamia, yaani kufukuza ndege mpungani. Kuamia hakuna ujanja. Kwelea huja kwa maelfu, na wakitua robo saa kwenye shamba lako, chakula cha mwaka kimekwenda. Kwa hiyo kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama, watu wako juu ya madungu wanapiga makelele, wanagonga madebe, wanavurumisha udongo kwa makombeo. Mtoto wa bondeni hukua akiupenda msimu huo, maana ndiyo wakati pekee mkubwa anakuruhusu upayuke utakavyo. Kandida alimwahidi Minza kwa Kisukuma chake cha kuungaunga kwamba wanakwenda kwenye mchezo mzuri. Walifika jioni, wakala, wakalala.

Asubuhi ya kwanza Minza alikuwa chini, kwenye kivuli cha dungu, anakunywa uji. Kandida alikuwa juu. Kwelea wakatokea upande wa mto, wengi, na Fridolin ndiye aliyewaona kwanza.

"Haooo!" aliunguruma. "Hao wanakuja! Wafukuzeni! Upande wa mto, upande wa mto! Msiwaache!"

Bonde zima likaitika. "Haooo! Wafukuzeni! Toka! Toka!" Madebe yakalia kila upande. Kandida naye akajaza kifua, akapayuka kwa furaha kama msichana, akigonga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Ndege wakajikunja angani, wakaelekea milimani. Alicheka. Akainama kumwambia Minza, umeona?

Bakuli la uji lilikuwa limepinduka. Minza hakuwepo.

Mwanzo hakushtuka sana. Akashuka, akazunguka nguzo, akatazama nyuma ya kichanja cha vyombo. Akaita. Akaita tena. Akafuata nyayo ndogo kwenye tuta, zikampeleka mbio mbio, hatua ndefu za mtoto anayekimbia, mpaka kwenye mkondo. Hapo nyayo zikaishia majini. Huo mkondo ni tawi la mto, maji ya kiunoni kwa mtu mzima, na pande zote ni matete marefu kuliko nyumba. Mwaka jana mamba alichukua mbuzi pale pale, mchana, watu wanatazama.

Kandida alipiga yowe. Hakuna asiyejua maana ya yowe la namna ile bondeni, na ndani ya muda mfupi watu walijaa. Fridolin alikuja na panga la kufyekea njia, Agnella mwenye shamba la pili akaja na wanawe, wengine na fimbo na mitumbwi. Wakasambaa. "Minza! Minzaaa! Toka! Uko wapi? Toka huko!" Kila aliyekuwa na koo alilitumia. Walifyeka matete, wakapiga maji kwa fimbo kumtisha mamba, wakaita mpaka sauti zikakauka.

Saa nne ilifika. Hakuna kitu. Agnella alikuwa amekaa chini analia tayari, na Kandida alimchukia kwa kilio kile, maana alijua kilio hicho ni cha nini.

Ilibaki simu. Alikuwa ameikwepa tangu asubuhi. Kumpigia Nkwabi ni kumpoteza mtoto hata akionekana mzima. Alijiambia, ngoja kidogo, ngoja dakika tano. Halafu akajisikia anavyojadiliana na nafsi yake juu ya uhai wa mtoto, akaona haya. Akapanda dungu, kwenye mtandao, akapiga.

"Baba," alisema, "Minza amepotea. Nyayo zimeishia kwenye maji."

Nkwabi akauliza, "Mama, hizo kelele ninazosikia ni za nini?"

"Ni watu. Tunamwita. Bonde zima tunamwita."

"Wanyamazishe."

"Unasemaje?"

"Wanyamazishe, mama! Wote! Mnazidi kumficha!" Sauti yake ilikatika, akaivuta tena. "Mwaka ule tulipotolewa bondeni, walikuja watu na magari, na wengine kwa miguu na mapanga, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Wafukuzeni. Toka. Minza alikuwa na miaka miwili. Marehemu mama yangu alilala naye kwenye matete siku nzima. Tangu hapo alimfundisha, na watoto wote wa kwetu wanafundishwa hivyo. Ukisikia Waswahili wanapiga kelele, ingia kwenye matete, lala, usiitike hata ukisikia jina lako. Jina lako ndilo watakalokukamatia. Mama, mkimwita mpaka kesho hatatoka. Atakaa kwenye maji hayo mpaka afe."

Kandida akakaa. Mwaka ule aliukumbuka vizuri sana. Ng'ombe walikuwa wamemlia mpunga ekari mbili, na siku wafugaji walipotolewa alisimama barabarani na wenzake, akapiga vigelegele. Alijua kwamba mjukuu wake yuko na wafugaji. Alijiambia wako mbali. Alipiga vigelegele mpaka koo likauma, jamani, na mtoto wa Tekla amelala kwenye matete anavisikia.

"Kesho asubuhi nafika," Nkwabi alisema. "Nitamchukua. Kama yupo."

Kandida alishuka. Kunyamazisha watu hamsini bila kupaza sauti si kazi ndogo. Alimkimbilia mmoja mmoja, akawashika mikono, akawanong'oneza. Wengine walimwona amechanganyikiwa. Lakini Agnella alielewa, akasaidia, na kelele zikapungua upande huu, kisha upande ule. Kwelea wakarudi. Watu wa bonde walisimama kwenye matuta yao wakawaona ndege wakishuka kwenye mpunga wao, na hakuna aliyefungua mdomo. Kwa hilo Mungu awabariki. Aliyebaki ni Fridolin peke yake, aliyekuwa ameshafika mbali kwenye mkondo, na sauti yake ilisikika ikienda na kurudi.

Kandida akaingia kwenye matete peke yake. Hakuita jina. Alianza kuongea tu, kwa sauti ya jikoni, Kisukuma chake chote alichonacho bila mpangilio. Alisema maji yamechemka. Alihesabu viazi, imo, ibili, idatu, akaruka namba, akasubiri, akaendelea. Alitaja ng'ombe mwekundu, ng'ombe mweusi, mwenye doa kichwani. Tope lilimfika magotini, kisha maji mapajani, na kila kitu kilichomgusa mguu alidhani ni mamba. Meno yalikuwa yanagongana, na maneno yalitoka yamevunjika zaidi ya siku zote. Aliimba wimbo wa ndama. Maneno ya katikati yalimpotea, akarudia ya mwanzo.

Kitu kikamvuta pindo la gauni.

Minza alikuwa chini kabisa, maji yamemfika kifuani, ameinamisha matete juu ya kichwa chake kwa ustadi kiasi kwamba ungepita hatua moja pembeni usimwone. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kandida akataka kumnyanyua. Mtoto akamziba mdomo kwa kiganja cha baridi, akamvuta chini kwa nguvu ambazo usingezitegemea, mpaka bibi akapiga magoti majini.

Sauti ya Fridolin ilikuwa inakuja. "Minzaaa! Toka huko! Tunajua uko huko!" Panga lilikuwa linakata matete, fyaa, fyaa.

Kandida angeweza kusema, Fridolin, tuko hapa. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni. Lakini Minza alikuwa akitetemeka mwili mzima, na huku anatetemeka alinyoosha mikono, akakusanya matete, akamfunika bibi yake kichwa. Alimfunika yeye kwanza. Akayapanga vizuri, akahakikisha kitambaa chekundu cha kichwani cha bibi hakionekani, ndipo akajifunika mwenyewe.

Basi Kandida akanyamaza. Na hapo, akiwa na maji kifuani na pua yake karibu na ya mtoto, alimsikia Fridolin kama hajawahi kumsikia kwa miaka arobaini ya ujirani. Alisikia mwanamume mwenye panga anayesema toka. Hakusikia kitu kingine. Akaogopa. Aliogopa kweli kweli, mkojo ukamtoka kwenye maji, akafumba macho na kuomba yule mtu apite asiwaone.

Fridolin alipita. Kandida alikaa na mjukuu wake kwenye maji hayo mpaka pakawa kimya kabisa, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeamua sasa basi, wanaweza kutoka.

Nkwabi alifika asubuhi iliyofuata, macho mekundu kwa safari. Alimkuta Minza amekaa kwenye ngazi ya dungu amefungwa kitenge, mzima. Alimshika kichwa, mabega, vidole, kimoja kimoja. Kisha akasimama mbali na Kandida, kama ilivyo desturi, akasema bila hasira.

"Si kosa lako, mama. Mmeishi vizuri, naona. Lakini hapa mtaamia mwezi mzima, na mwakani tena. Mtoto anayesikia kelele akabaki amesimama, huyo ningemwacha hapa kwa moyo mweupe. Huyu atakimbilia maji kila siku, na siku moja hutamwona."

Kandida alikuwa amekesha akiyapanga maneno ya kumjibu. Lakini alichokiona mbele yake ni zile nyayo kwenye ukingo.

"Mchukue, baba," alisema. "Bora niishi sina, lakini yuko hai."

Akaingia kukusanya nguo, magauni mawili na blanketi.

Bonde lilikuwa kimya asubuhi hiyo. Habari zilikuwa zimefika kila dungu, na watu waliona aibu, hata wasiokuwa na kosa. Fridolin alisimama kwenye tuta lake mikono nyuma. Alikuwa amemtuma Agnella aje aseme kwamba hatafungua mdomo mpaka mtoto aondoke, na Agnella alisema Fridolin alilia. Madebe yote yalikuwa chini.

Na kwelea hawajui habari za watu. Walikuja kutoka upande wa mto, wakazunguka mara moja, wakaona hakuna anayewazuia, wakashuka kwenye shamba la Kandida. Mpunga uliinama kwa uzito wao. Sauti ya midomo yao ilisikika mpaka kwenye dungu. Fridolin alimtazama Kandida, mikono bado nyuma. Nkwabi alimtazama. Kandida alitoka na kifurushi, akaona mwaka wake unaliwa, akaupa kisogo.

Minza alikuwa ameshapandishwa kwenye pikipiki. Aliwatazama ndege, akamtazama bibi yake.

"Noni, mayu," alisema kwa sauti ndogo. Ndege, mama.

"Waache," Kandida alimjibu kwa Kisukuma.

Mtoto alifikiri. Alikuwa mtoto wa wafugaji, na mali ikiliwa mbele ya macho yake hahitaji kufafanuliwa. Alijiburuza akashuka kwenye pikipiki, akaenda mpaka chini ya dungu, akaokota debe na kijiti. Akagonga mara moja. Ndege wa pembeni wakaruka, wakatua tena. Akagonga mara ya pili.

"Noni!" alipiga kelele, na sauti ikampasuka katikati kwa kutozoea kupandishwa. "Noni! Noni!"

Haikutosha. Sauti ya mtoto mmoja kwa ndege elfu kumi ni nini? Akamgeukia Kandida, uso umekunjamana kwa hasira, machozi yanashuka, akamfokea kwa Kisukuma chepesi, kile cha jikoni, na kila neno Kandida alilielewa. Alimwambia apige kelele. Alimwambia, wanamaliza, mayu, piga kelele.

Kandida alimtazama Nkwabi. Mkono wa Nkwabi ulikuwa kwenye usukani wa pikipiki na macho yake yalikuwa kwa mwanawe.

Katika maisha yake yote, viboko na mafuriko na misiba, mama yule hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa wakati anavuta ile pumzi. Alifungua mdomo, akapiga ukelele wa kuamia, ule mkubwa, kwa Kiswahili, kwa koo lote. Fridolin akaupokea kwenye tuta lake, Agnella akaupokea, bonde zima likaitika.

Minza alishtuka. Magoti yakampinda, mkono mmoja ukatafuta ardhi. Kisha akadaka pindo la gauni la bibi yake, akalikamata kwa ngumi, akabaki amesimama.